Gemu za bunduki msizifungie, wabaneni wenye mabanda

Salaam mhariri. Naandika toka Mwanga hapa Kigoma, naomba nafasi kidogo nimjibu msomaji mwenzangu aliyetaka gemu zote za bunduki na za kupigana zipigwe marufuku nchi nzima. Hasira yake naielewa kabisa, mi mwenyewe nina watoto na wa kati ukimtafuta jioni yuko kwenye banda la gemu, ila hiyo marufuku anayoitaka haitamfikia huyo mtoto hata kidogo na nitaeleza kwa nini.

Tuanze na hizo gemu zinafikaje huku. Ulaya tangu 2003 wana utaratibu unaitwa PEGI, kwenye kava ya gemu kunakuwa na namba kubwa ya umri, 3, 7, 12, 16 au 18, na Marekani wana wa kwao unaitwa ESRB tangu 1994, hiyo ilikuja baada ya maseneta wao kuja juu kuhusu Mortal Kombat ile ya kung'oa mtu kichwa na uti wa mgongo. Mzazi wa kule akiingia dukani anaiona namba, anajua hii ya mwanangu au siyo. Sasa njoo Mwanga. CD imechomwa, iko kwenye nailoni, jina limeandikwa na maka peni juu yake, basi. Kava yenye namba haijawahi kufika. Na siku hizi wengine hata CD hawana wanajaza gemu kwenye flashi. Kwenye simu ndo usiseme, Play Store inaonyesha umri vizuri tu lakini hawa watoto hawapakui huko, wanarushiana kwa Xender bila bando, huo umri watauona wapi?

Kwa hiyo ukisema serikali ifungie, inafungia duka gani? Nepal walifungia PUBG, gemu ya bunduki ya kwenye simu, Aprili 2019, hata mwezi haukuisha Mahakama yao ya Juu ikasimamisha. California walitunga sheria ya kuzuia kuwauzia watoto gemu za kikatili, Mahakama ya Juu ya Marekani ikaifuta 2011, ikasema gemu nazo zinalindwa kama vitabu. China mwaka 2021 wao walibana muda, aliye chini ya miaka 18 anacheza saa mbili mpaka saa tatu usiku tu, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Lakini gemu zao ni za mtandaoni na mtoto anaingia kwa jina lake la kweli na namba ya kitambulisho. Mashine ya PS2 ya bandani inamjua nani?

Anayewajua hao watoto ni mmoja tu, mwenye banda. Nendeni mkaone. Hilo analoendaga mwanangu ni la mabati, mlangoni pazia, ndani mabenchi na TV za mgongo zimepangwa ukutani, unalipa mia mbili unapewa pedi. Upande mmoja vijana wanacheza mpira, pembeni yao katoto ka darasa la pili kanacheza GTA San Andreas, kanamkanyaga mtu na gari, kanashuka, kanaokota hela zilizodondoka, kanaendelea na safari. Na wana daftari lao, daftari la hesabu kabisa la shule, ukurasa wa nyuma wameandika vitufe vya kubonyeza upate silaha, R1, R2, L1, R2, kushoto, chini, kulia, juu, na inaendelea, wanazitaja bila kusoma wakati tebo ya saba inawashinda. Gemu hiyo hiyo mwaka 2005 Australia waliitoa madukani na Marekani wakaipandisha mpaka daraja la watu wazima tu, kisa vipande vya ngono vilivyokutwa vimefichwa ndani yake. Huku inachezwa na mtoto wa miaka saba mchana kweupe, na mwenye banda amekaa pale pale anapokea mia mbili zake.

Sisemi mtoto akicheza gemu ya bunduki atakuja kuwa jambazi, hapana. Chama cha wanasaikolojia cha Marekani mwaka 2020 kilisema ushahidi wa kuunganisha gemu na ukatili wenyewe hasa hautoshi, ila kuna uhusiano mdogo na ukorofi kama wa kufokeana na kusukumana. Na huo ukorofi naujua, akitoka bandani dada yake hakai kwa amani mpaka walale.

Halafu kuna jambo watu wa Dar hawawezi kulifikiria. Kigoma tunaishi na watu waliokimbia risasi za kweli. Nyuma ya hilo banda anakaa mama mmoja alivuka ziwa toka Fizi mwaka 1996 vita ilipoanza kule Kongo, na mwenye banda ana spika kubwa, gemu za vita zinalia mpaka saa nne saa tano usiku. Yule mama alienda kumuomba apunguze, akamwambia, "Mwanangu, mi nikizisikia hizo usiku nakaa kitandani nimevaa viatu." Kijana akapunguza siku hiyo, kesho yake ikarudi vile vile. Inaniuma sana hii.

Mi ninachotaka ni mwenye banda abanwe kama wanavyobanwa wa kubeti. Kule mlangoni wamebandika 18+, na mtoto akikutwa ndani mwenye duka anajua ana kesi na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Filamu nazo zinapitiwa na Bodi ya Filamu zinapangiwa umri. Banda la gemu likatiwe leseni yenye masharti, TV za mpira na magari zikae mbele watoto wacheze, za bunduki na damu zikae chumba kingine asiingie wa chini ya miaka 18, mstari huo tayari upo kwenye Sheria ya Mtoto ya 2009. Mwenye sare saa za masomo asipewe pedi. Akikiuka leseni inyang'anywe.

Najua vijana wa mabanda watasema nawaziba riziki, na wengi ni wanetu wamemaliza form four wakajiajiri, siwaombei wafunge. Lakini waulizeni wenyewe benchi linajaa kwenye gemu gani, ni mpira, FIFA na PES ndo zinawalisha, za kuuana hata zikihamia chumba cha nyuma hawalali njaa.

Na hilo la spika mtendaji wa mtaa anaweza kuanza nalo wiki hii hii, halina haja ya kusubiri Bunge.

Mzazi, Mwanga, Kigoma