Ajenti akisema mtoto ana asilimia 70 ya kuingia Harvard, muulize ameitoa wapi

Kwa Mhariri,

Naandika nikiwa na uchungu, naomba mnichapishie hii barua kabla mzazi mwingine hajaingia kwa shimo tuliloingia sisi. Mpwa wangu alipata gredi ya A kwa KCSE ya 2023, ule mtihani wa kumaliza sekondari, na mwaka huo nchi nzima waliopata A walikua 1,216 pekee, kwa hivyo mnaweza kuelewa shangwe iliyokua hapa kwetu Umoja. Mamake, dadangu, anauza mitumba Gikomba na huwa hafungi kibanda hata akiwa na homa lakini siku hiyo alifunga. Baadaye mtoto akafanya SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, akapata 1420, mtu akatuelekeza kwa ajenti mmoja hapa tao anayesaidia watoto kuomba vyuo vya huko, yule jamaa akabonyeza bonyeza kompyuta akatutolea karatasi: Harvard asilimia 70, Columbia 75, Penn 80, Cornell 85. Akaitisha elfu sitini. Dadangu akalipa, nusu ya hizo pesa alikopa kwa chama.

Shida ni kwamba sisi tumezoea KUCCPS, wale wanaopanga wanafunzi kwa vyuo vya hapa Kenya. Pale unaangalia alama zako za klasta, unaangalia kozi ilikatia wapi mwaka uliopita, na kama uko juu yake unalala usingizi. Tukadhani huko Marekani ni vivyo hivyo, A ni A. Kumbe Harvard wanaoomba kwa mwaka ni karibu 50,000 na wanachukua karibu 2,000 tu, kama 4 kwa kila 100, na hao wanaokataliwa wengi wako na A kama za huyu wetu na SAT ya juu kuliko yake, juu wengi wanaoingia pale wako kati ya 1500 na 1580. Sasa 70 ilitoka wapi? Na kwa mtu wa nje mlango ni mwembamba zaidi. MIT wanaandika wenyewe kwa tovuti yao, kwa wageni wanaokubaliwa ni kama 2 kwa kila 100.

Lakini kitu kilichoniuma zaidi ni pesa, na hiki ndicho sijasikia mtu akiwaambia wazazi. Kuna vyuo ambavyo havitazami mfuko wako vikiamua kukuchukua ama kukuacha, hata kama umetoka nje ya Marekani: Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, na vingine vichache. Ukichukuliwa huko, wanapiga hesabu ya kile familia inaweza kutoa na kinachobaki wanabeba. Halafu kuna vile ambavyo kwa mwanafunzi wa nje vinatazama mfuko kwanza, na Cornell, Columbia na Penn ziko hapo. Zile tatu zote! Mtoto wa mama mitumba aliyeandika kwa fomu kwamba anahitaji kulipiwa karibu kila kitu akaambiwa ana asilimia 85 pahali ambapo hilo hitaji lenyewe linamrudisha nyuma. Ajenti hakutuuliza hata siku moja tunaweza kulipa ngapi kwa mwaka, na hilo ndilo swali la kwanza kama kweli unataka kujua nafasi ya mtoto.

Insha ya maombi nayo ajenti ndiye alimwandikia. Maneno 650 ya umaskini, njaa, taa ya koroboi, na nyumba yetu iko na stima. Na huyo msichana tangu akiwa darasa la sita amekua akimwekea mamake daftari la kila belo, kamera, zile nguo safi za gredi ya kwanza, zilitoka ngapi, zilizoraruka ngapi, mwezi gani sweta zinatoka haraka, mpaka akamwambia mamake aache kununua belo za aina fulani juu zinamkula, na alikua sawa. Nimeliona hilo daftari, jalada limeshikwa na selotepu na nyuma kuna hesabu za penseli zimejaa hadi kwa pembe. Wale wanaosoma maombi wanatafuta kitu kama hicho, na hawakuwahi kukiona. Barua ya shule nayo ilikua mistari mitatu, "ni mwenye nidhamu na bidii," na muhuri. Barua ya hivyo haimtofautishi na mtoto yeyote.

Majibu yalitoka usiku wa manane kwa saa zetu, saa nane. Tulikua watatu kwa kochi na simu moja. Alifungua ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne hakutaka tuione akaenda nayo jikoni. Na wakati huo nafasi ya uhandisi aliyokua ameitiwa hapa nyumbani ilishapita, alikua ameambiwa asiripoti, Marekani ni hakika.

Wazazi wenzangu, kufungua akaunti ya Common App, ile fomu moja ya mtandaoni ya kuomba vyuo vingi vya Marekani, ni bure, ada ya maombi unaweza kuomba usamehewe, na hapo Gigiri kuna EducationUSA, ofisi ya ubalozi wa Marekani ya kushauri wanafunzi, na ushauri wao hauuzwi. KenSAP nao wamekua wakisaidia watoto waliofanya vizuri KCSE kuomba vyuo vya nje tangu 2004. Mtoto aombe, simkatazi mtu, lakini aripoti chuo alichoitiwa hapa Kenya huku akingoja, na mtu mzima amwambie ukweli kwamba pale juu hata aliye bora anakataliwa mara nyingi kuliko anavyokubaliwa.

Ombi langu kwa gazeti, matokeo ya KCSE yakitoka Januari, kando ya zile picha za watoto wamebebwa juu juu, mchapishe orodha ya vyuo visivyotazama mfuko wa mwanafunzi wa nje. Nusu ukurasa inatosha.

Mjomba wa mwanafunzi,
Umoja, Nairobi