Barua kwa mwanangu: kuhusu ule mzaha wa sala shuleni

Mwanangu mpendwa,

Nimeusikiliza ule mzaha unaokusudia kuusimulia kwenye mkusanyiko wa Watanzania wenzako huko Texas: mwalimu anawakuta wanafunzi wamepiga magoti nyuma ya darasa, anawauliza kwa ukali wanafanya nini, nao wanajibu kwamba wanacheza dadu za pesa, ndipo anaposhusha pumzi na kusema, afadhali, nilidhani mnasali. Nimecheka, maana umetungwa vizuri. Hata hivyo, wewe ni mwalimu wa shule ya umma na wengi watakaokusikia wana watoto katika shule hizo, kwa hiyo naomba unisikilize kwanza.

Mzaha huo umejengwa juu ya jambo lisilo kweli, kwamba sheria ya Marekani inamkataza mtoto kusali shuleni. Kesi ya Engel dhidi ya Vitale ilihusu sala fupi, ya maneno 22 kwa Kiingereza, iliyotungwa na mamlaka ya elimu ya jimbo la New York ili isomwe darasani kila asubuhi. Wazazi kadhaa wa Long Island waliipinga, na tarehe 25 Juni 1962 Mahakama ya Juu ikawapa haki, majaji sita dhidi ya mmoja. Jaji Hugo Black, aliyeandika hukumu hiyo, hakuishutumu sala. Alisema si kazi ya serikali kuwatungia wananchi sala rasmi. Mtoto asiyetaka kuisoma aliruhusiwa kunyamaza au kutoka nje, na wapo walioona kwamba ruhusa hiyo ilitosha. Mimi niliyefundisha watoto wadogo sikubaliani nao, kwa maana najua mtoto anayetoka darasani peke yake, wenzake wote wakimtazama, anatoka na uchungu gani.

Kinachonigusa zaidi kilitokea katika jimbo hilohilo unaloishi. Katika mji wa Santa Fe, shule ya sekondari ilikuwa na desturi ya sala kusomwa kwa kipaza sauti kabla ya mechi za mpira wa Kimarekani, na mwaka 2000 Mahakama ya Juu iliizuia. Waliokwenda mahakamani walikuwa familia mbili zenye dini zao, moja ya Kimormoni na nyingine ya Kikatoliki, na mahakama iliruhusu majina yao yafichwe ili wasisumbuliwe. Mwanangu, hao ndio watu ambao mzaha wako unawageuza kuwa maadui wa Mungu. Mimi ni mzee wa kanisa, na kama mjukuu wangu angelazimika kusimama kila asubuhi kwa sala ya dhehebu lisilo letu, ningelalamika kama wao walivyolalamika.

Najua utanijibu kwamba huku kwetu tunaimba Mungu ibariki Afrika mstarini na hakuna anayeshtaki. Ni kweli, lakini nchi yetu na yao hazikupita njia moja, na mipaka yao hatuna budi kuieleza kama walivyoiweka wao. Tena mipaka yenyewe inasogea: mwaka 2022 kocha wa shule huko Bremerton, jimbo la Washington, aliyepoteza kazi kwa kusali uwanjani baada ya mechi, alishinda kesi yake mbele ya mahakama hiyohiyo.

Nakuomba basi, ukiusimulia, usiwaache watoto waliopo wakiamini kwamba wakifumba macho kabla ya kula chakula cha mchana wataadhibiwa. Waambie waziwazi kwamba wana haki ya kusali, ilimradi wasivuruge masomo, na kwamba wewe mwalimu ndiwe usiyeruhusiwa kuwaongoza katika sala hiyo. Au simulia ule mwingine, kwamba maadamu kuna mitihani ya hisabati, sala haitaondoka shuleni. Huo unachekesha na ni wa kweli, na haumwonei mtu.

Wasalimie wote nyumbani.

Mama yako