Somo, nisaidie kumvua adui wangu kovu

Somo yangu,

Salamu nyingi, na samahani kwa kimya. Najua barua yako ya mwisho iliuliza mambo mawili: hali yangu na wigi lako. Mimi mzima. Wigi nalo zima, ila limepungua kidogo upande wa kushoto, hilo tutaongea. Usianze kununa kabla hujafika mwisho wa barua, maana nina shida, na wewe ndiye wa kwanza kunijia akilini.

Ile filamu imeanza. Ndiyo, ile ile ambayo Mzee wa Taa amekuwa akituahidi mpaka tukaacha kumwuliza. Imepata fedha, imepata mwongozaji, na mimi nimekabidhiwa vyote viwili, maleba (mavazi ya waigizaji) na uso. Nilifurahi siku mbili. Siku ya tatu tukafika kwa adui.

Adui wetu ni Baba Mdogo, hana jina jingine kwenye mswada mzima. Kaka yake amefariki, ameacha mjane, watoto wawili na nyumba, yeye anakuja kushika mambo. Na anayashika kweli. Katika kurasa 30 za kwanza kila mtu anamshukuru. Mimi niliyekuwa nimeshahadithiwa mwisho wake nilijikuta namshukuru pia! Ni mtu wa kulipa ada, kubeba jeneza, kuuliza mjane kama amelala. Wizi wake wote unapita kwenye karatasi, na karatasi zote anazisaini mjane mwenyewe.

Sasa sikia alichotaka mwongozaji. Koti refu jeusi. Wanja chini ya macho. Na kovu, lianzie kwenye kope lishuke hadi pembe ya mdomo. Nikamwuliza kovu kalipata wapi, maana kwenye mswada halipo. Akasema hilo halina haja ya kuelezwa, mtazamaji akimwona tu ajue. Ajue nini? Ajue kwamba huyu ndiye adui. Basi na steringi tumwandikie kwenye paji la uso, nikasema, lakini nililisemea tumboni, unanijua.

Nikalifanya. Hapa ndipo penye shida yangu, somo, kwa hiyo nivumilie. Nililifanya na nikalipenda. Nilianza na kolodioni, dawa ya majimaji ya kutengenezea makovu, ile ngumu inayokauka ikiivuta ngozi hadi inaingia ndani, nikaipaka tabaka juu ya tabaka, kila moja nikilisubiri likauke. Kisha rangi. Kovu la zamani haliwi jekundu, wewe ndiye uliyenifundisha, kwa hiyo nikalipa ule mng'ao wa ngozi isiyo na vinyweleo. Saa tatu nzima. Nilipomgeuzia kioo yule mwigizaji aliruka kidogo, nami nikajiona fundi.

Ndipo Doto akaingia na nyaya begani. Akasimama. Akamtazama yule mwigizaji, akajishika shavu lake, akasema, "Kumbe nafasi hii ningeipata mimi, na gundi msingetumia." Akacheka. Kipara naye akaanza kucheka, akakwama katikati. Doto akaendelea kukunja nyaya zake kama hakuna kitu. Mimi nikafunga chupa ya kolodioni, nikaifungua, nikaifunga tena.

Sijamwambia neno mpaka leo. Wewe unamjua Doto kunizidi.

Tangu siku ile nimekuwa nazirudia filamu za maadui usiku, moja baada ya nyingine, kama mtu anayetafuta risiti. Na kitu kinachoniudhi ni kwamba wenzetu wakubwa walishalifikiria jambo hili zamani. Mwaka 2017 jarida la JAMA Dermatology lilichapisha utafiti wa madaktari wa ngozi waliochukua maadui 10 wanaoongoza kwenye orodha ya Taasisi ya Filamu ya Marekani, wakawatazama kama wagonjwa kliniki. 6 kati yao walikuwa na dalili kubwa za ngozi au nywele: upara, weusi chini ya macho, makunyanzi, makovu, chunjua. Kwa mashujaa 10 hawakukuta hata mmoja wa kumhesabu hivyo. Mwaka uliofuata Taasisi ya Filamu ya Uingereza ikatangaza kwamba haitatoa tena fedha kwa filamu zinazotumia kovu la usoni kama alama ya ubaya. Nilimpelekea mwongozaji habari hiyo. Akasema sisi hatujaomba fedha Uingereza. Kweli, hatujaomba.

Lakini mimi sitaki kushinda kwa huruma tu, maana akiona ni huruma atanipa kovu dogo. Nataka aelewe kwamba kovu ni kazi mbovu hata kama Doto asingekuwepo. Kovu linaeleza alichofanywa mtu. Halielezi anachotaka. Mtu aliyechanwa uso, mbaya ni aliyeshika kisu, sasa mbona tunamtafuta kwa aliyechanwa?

Mwongozaji si mjinga, akanirushia Killmonger, yule adui wa Black Panther ya 2018. Nikakiri, yale makovu yana maana. Lakini yale alijitia mwenyewe, moja kwa kila mtu aliyemuua, kifua kizima na mikono. Ni daftari lake la hesabu. Akivua shati anakusomea tabia yake, na ameiandika kwa mkono wake. Baba Mdogo akiwa na daftari, nikasema, liko kwenye mkoba. Hapo akanyamaza kidogo, nikaona nimepata upenyo.

Unakumbuka tulivyobishana kuhusu yule mama wa rangi ya waridi kwenye Harry Potter ya 2007, Umbridge? Wewe ulisema amevalishwa kama keki. Nimemtazama tena, na nakuomba radhi kwa sababu ulikuwa sahihi, ila keki yenyewe imepimwa. Mbuni wa maleba, Jany Temime, alianza na waridi lililopauka, na kila mama yule anapoongezewa madaraka waridi linakolea, hadi mwisho linaumiza macho. Hana jino bovu wala kucha ndefu. Ana pinde, ana manyoya laini, nywele zimekaa kila moja mahali pake. Watu wanamchukia kuliko Voldemort, yule adui mkuu asiye na pua! Kwa nini? Nadhani ni kwa sababu kila mmoja wetu amewahi kusimama mbele ya meza ya mtu kama yule.

Halafu Henry Fonda. Hii nilimsimulia Mzee wa Taa akaacha hadi sigara izimike. Miaka mingi Fonda amecheza watu waadilifu, halafu Sergio Leone anamwita awe muuaji katika Once Upon a Time in the West, ile ya 1968. Fonda anafika seti amejitayarisha kama mwongozaji wetu angependa: masharubu, na lenzi za kahawia za kuficha macho yake ya buluu. Leone akaamuru vyote vitolewe. Alikuwa anayataka macho yale yale ambayo watu walishazoea kuyaamini. Familia inauawa, kamera inamzunguka muuaji polepole kutoka mgongoni, na uso unaotokea ni wa Fonda. Kazi ya mpambaji siku ile ilikuwa kubandua. Nani atakulipa kwa kubandua, somo? Ukimaliza uso ukawa safi wanauliza ulikuwa unafanya nini tangu asubuhi.

Usidhani nimegeuka mtu wa usafi. Gabbar Singh wa Sholay ni mchafu na namwabudu. Ila uchafu ule ni chaguo lake: mavazi ya kijeshi kwa jambazi asiye na jeshi, mkanda wa risasi, meno yaliyooza kwa tumbaku. Amjad Khan anatembea ndani ya nguo zile kama mtu anayejua kwamba akinuka hakuna atakayethubutu kuziba pua. Na Heath Ledger, yule Joker wa The Dark Knight ya 2008: John Caglione, mpambaji wake, alimwambia akunje uso, akapaka nyeupe juu ya mikunjo, uso ulipokunjuka rangi ikapasuka kwenye mistari. Ukiitazama unajua mtu huyu amelala nayo, ameamka nayo, na hakuna anayemwambia kanawe. Hiyo ni tabia. Kovu la mdomo, tazama, hata yeye mwenyewe anatoa hadithi tofauti kila anaposimulia amelipata wapi.

Nimeingia mbali. Ah, na wigi! Umewahi kuona wigi la Barbara Stanwyck kwenye Double Indemnity ya 1944? Limekaa kichwani kama kofia ya mtu mwingine. Mkubwa mmoja wa studio alilalamika kwamba walimlipia Stanwyck wakapata George Washington. Billy Wilder, mwongozaji wake, alijitetea kwamba alilitaka liwe bandia kwa sababu mwanamke yule ni bandia. Nakuambia haya ili ujue wigi kuharibika upande mmoja si lazima iwe hasara. Sawa, sawa, nitalilipa.

Sasa Baba Mdogo wangu. Nimemwona, somo. Amevaa shati jeupe la mikono mirefu, vifungo vimefungwa vyote hadi cha kooni na vya mikononi. Kucha zimekatwa. Nyusi zimeguswa kidogo sana, kiasi cha mke wake tu kujua. Na hatoki jasho. Hili ndilo ninalojivunia: wote kwenye filamu nitawaacha wang'ae, mjane, watoto, hadi steringi, kila mmoja na jasho lake puani. Yeye peke yake nitampiga poda kabla ya kila teki, msibani, juani, kwenye ugomvi, mkavu. Mtazamaji hatajua kinachomsumbua. Halafu kwenye onyesho la mwisho, karatasi zikishafunuliwa, simfuti poda tena. Namwacha.

Hilo wazo la mwisho nimelikopa nusu kwa Glenn Close, mwisho wa Dangerous Liaisons ya 1988, anapokaa mbele ya kioo na kujifuta uso. Filamu ilianza akivalishwa, inakwisha akijivua. Hakuna anayempiga wala kumfunga, lakini sijaona adui aliyeadhibiwa zaidi.

Mwongozaji amenipa hadi Alhamisi nimwonyeshe. Hapa ndipo unapoingia. Mimi uso nauweza, shati siliwezi. Nahitaji matatu, sura moja, kitambaa kimoja. La kwanza kola imlegee kidogo, kama mtu aliyevaa heshima asiyoizoea. La pili limkae sawasawa. La tatu limbane shingoni, kidogo tu. Sitaki aonekane amenenepa, nataka aonekane anatafuta pumzi na hajui kwa nini. Kitambaa kisiwe cha kung'aa. Na tafadhali usinipe nyeupe kamili, unajua inavyopigwa na taa hadi inameza uso. Kitumbukize kwenye ile rangi yako ya kijivu, mara moja tu, kiwe cheupe kwa macho ya kamera na si kwa yako. Vipimo nimeviandika nyuma ya karatasi hii. Cha shingo nimekipima mara mbili kwa sababu yule mwigizaji ana tabia ya kumeza mate ukimshika koo.

Koti jeusi nimelitundika nyuma ya mlango. Jana usiku nilidhani ni mtu.

Kuhusu Doto. Nimejaribu kuandika sehemu hii mara nyingi. Nilitaka kumwambia kovu limeondolewa, lakini bado halijaondolewa, ni mimi tu ninayetaka. Nikimwambia sasa na Alhamisi mwongozaji akakataa, nitakuwa nimemfanya alisikie mara ya pili. Nikinyamaza, atakuwa pale anashika taa, siku zote za kupiga picha, akiniangalia nalichora. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba alipocheka, jambo la kwanza nililowaza ni kama amegundua pale ukingoni ambapo rangi haikukolea. Nilimtazama shavu lake nikitafuta kosa langu. Fundi gani huyu!

Niambie basi: shati la tatu utapunguza kola kiasi gani bila kuharibu mabega? Kitambaa unacho au nitafute? Utaweza kabla ya Alhamisi, au nimpeleke mwongozaji na mashati mawili na maneno mengi? Wewe ungekuwa mimi, ungelichora lile kovu tokea mwanzo? Nijibu kweli, usinihurumie. Na Doto amekuambia lolote? Najua mnaongea Jumapili. Usimwulize, lakini kama alisema, alisema nini? Alisema akicheka?

Wako,
Somo

Kolodioni imebaki nusu chupa. Unaitaka? Sitaki kuiona hapa.