Hiyo ritriti yenu ni matembezi

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa gazeti lako niseme jambo linalonikereketa. Wiki iliyopita kikundi chetu cha kanisa hapa Nakuru kilituma tangazo la mafungo, ama ritriti kama vijana wanavyoita, na nilipolisoma nikacheka peke yangu dukani. Basi linatoka saa kumi na mbili asubuhi, tisheti za rangi moja, mbuzi wawili, kuvuta kamba, kupanda mashua Naivasha, halafu saa kumi jioni "tafakari" nusu saa kabla ya kurudi. Nusu saa! Jamani hiyo iiteni matembezi, na matembezi si dhambi, mbuzi hata mimi napenda, lakini msiiite mafungo.

Mafungo ni mtu kujifungia na Mungu wake. Si lazima ukae njaa, wengi wanachanganya na kufunga kula, na tangu yale ya Shakahola mwaka wa 2023, waumini kuambiwa wafunge kula mpaka wafe na miili zaidi ya 400 kufukuliwa msituni, ukisema unaenda mafungo hata jirani anakuuliza kama utarudi. Sisi tulikula ugali na sukuma vizuri sana, kilichofungwa ni mdomo na simu. Na pia si hija. Kila Oktoba watu wanapanda Subukia kwa hija ya kitaifa, barabara ya Nyahururu inajaa, unasali Rozari na umati, unajaza jirikeni maji ya ile chemchemi unarudi nyumbani na furaha, mimi huenda na sijawahi kujuta. Lakini kwa umati ni rahisi kujificha. Wale ndugu zetu wa makanisa mengine wanaoshuka mapango ya Menengai na blanketi na Biblia, wakae huko siku kadhaa, hao nafikiri wameielewa hii kitu kutushinda sisi wa basi.

Wacha niseme ya kwangu. Mwaka jana wakati wa Kwaresima nilienda mafungo kwa nyumba moja ya masista, Ijumaa jioni mpaka Jumapili mchana. Simu zote ziliwekwa kwa karai mlangoni. Padri akaongea dakika ishirini hivi, akatusomea ile ya Marko 6, Yesu anaambia mitume waje kwa faragha mahali pasipokuwa na watu wapumzike kidogo, kisha akasema haya nendeni mkakae. Kukaa tukifanya nini? Jioni hiyo nililala. Jumamosi asubuhi nikahesabu madeni, nani amechukua mahindi hajalipa, nikapanga vile nitamwendea yule sugu wao. Mchana nikamkasirikia mama mmoja aliyekuwa anaburuta patipati kwa korido, na sikuwa na ruhusa ya kumwambia kitu. Ikafika kama saa kumi, nimeketi chini ya mti wa avokado, sina tena cha kuwaza, sina wa kulaumu, ndio gorogoro ikaja.

Mimi nauza nafaka. Wanaonunua sokoni wananielewa tayari. Gorogoro, lile kopo la kupimia, inafaa ijae kilo mbili, lakini ukiigonga nyundo pale chini kitako kiingie ndani, mteja anaiona imefurika na hajui robo kilo imebaki kwa gunia lako. Yangu niliikuta ikiwa hivyo kwa kibanda nilipokinunua, kwa hivyo miaka sita nimejiambia si mimi niliyeigonga. Nimeenda misa kila Jumapili, nimekula komunyo, nimeungama hasira na umbea na kukosa kusali, lakini gorogoro haikuwahi kunijia hata siku moja. Na hakuna mtu aliyeihubiri siku hiyo! Ilikuja yenyewe, na nyuma yake shosho mmoja mteja wangu ambaye huniambia kila mara maharagwe yangu ni matamu ila huisha mbio.

Nilipomweleza padri kwa kuungama hakushtuka. Baadaye akaniambia habari za Inyasi wa Loyola, askari wa Hispania aliyevunjwa mguu na mzinga vitani Pamplona mwaka wa 1521. Akalazwa kitandani, akaomba hadithi za mashujaa wa vita, hazikuwepo kwa ile nyumba, akapewa vitabu vya maisha ya Kristo na ya watakatifu. Hakuna aliyemkemea. Alikuwa tu anasoma na kuwaza, na polepole akagundua kwamba akiwaza sifa na wanawake anafurahi kisha anabaki mkavu, akiwaza watakatifu amani inabaki. Kutoka hapo ndio yakaja yale Mazoezi ya Kiroho ambayo Papa Paulo wa Tatu aliyakubali mwaka wa 1548, na yakifanywa yote yanachukua kama siku 30. Siku 30, nyinyi mnatupa nusu saa tena tumeshiba mbuzi.

Na msidhani nilirudi malaika. Zakayo, namaanisha yule mtoza ushuru wa Biblia, si mwanasiasa mnayemtania kwa jina hilo, msinitafutie maneno, alisema atarudisha mara nne. Nilipiga hesabu ya mara nne kwa miaka sita nikafunga hicho kitabu cha hesabu haraka. Nilinunua gorogoro mpya Jumatatu, ile ya zamani nikaiweka chini ya meza, eti kama hii mpya itapotea. Ikakaa hapo wiki mbili. Kila nikiona siku imekuwa mbaya naiangalia. Paulo aliwaambia Warumi wageuzwe kwa kufanywa upya nia, hakutaja kusisimka, na nia yangu mimi ilichukua zile wiki mbili ndio mguu ukaikanyaga ile gorogoro. Shosho naye nimekuwa nikimjazia kilima juu, siku moja akaniuliza kama nina shida nyumbani.

Sasa wapangaji wetu, hiyo safari nitakuja, tisheti nishalipia. Lakini toeni kuvuta kamba mtuachie masaa matatu ya kimya, na karai nitabeba mimi. Pia msituulize kwa basi tukirudi kama tumebarikiwa, sote tutajibu ndio kwa sauti kubwa. Ngojeni miezi mitatu halafu mje sokoni na mizani.

Muuza nafaka,
Nakuru