Risala ya Kikundi cha Wakulima wa Mtama, Siku ya Mkulima Shambani, Chamwino, Dodoma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Wazee wetu, viongozi wa kijiji, wakulima wenzetu,

Karibu sana shambani. Tumekuomba usimame hapa katikati ya mtama kwa sababu tunayotaka kukueleza yanaonekana kwa macho.

Kwetu mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na mara nyingi Februari hukatika kwa wiki kadhaa. Msimu uliopita mwenzetu alimwaga mbolea yake yote ya urea kwa mkupuo, mtama ukiwa bado mchanga. Ulinawiri, majani yakakoza kijani, wapita njia wakawa wanausifia. Ukame ulipoingia, majani yale mengi yalikuwa yameshanyonya unyevu wote wa ardhini. Masuke yalitoka, lakini ukiyafikicha kiganjani unapata mapepe matupu. Iliuma sana, maana mbolea ile ilikuwa ya mkopo.

Mheshimiwa, mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za nitrojeni, kirutubisho kinachokuza mmea. Ikiachwa juu ya udongo wenye joto, sehemu yake hugeuka gesi na kupotea hewani. Kwa hiyo msimu huu tulipandia samadi, kisha tukasubiri hadi wiki ya nne baada ya kuota, mtama unapokaribia kutunga suke. Hata hapo tulichimba kwanza kwa mkono. Udongo ukifinyangika kiganjani, tunaweka urea ya kifuniko kimoja cha chupa ya soda kwa mashina matatu, kando kidogo ya shina, tunafukia. Ukiwa mkavu, mfuko unarudi ndani kusubiri mvua. Kwa kipimo hicho mfuko mmoja unakaribia kutosha ekari 2.

Mistari hiyo iliyo kulia kwako haikupata urea kabisa. Tuliiacha makusudi. Tafadhali shika suke moja la huku na moja la kule.

Kilio chetu kikubwa ni kupimiwa udongo. Mashamba yaliyolimwa kunde mwaka jana, zinazorutubisha udongo, hayana njaa sawa ya mbolea na yale ya mtama juu ya mtama, lakini sote tunaweka kiasi kilekile kwa kukisia. Tunaomba pia kipima mvua kimoja cha kijiji, na mbolea iuzwe katika vifungashio vidogo, ili mama mwenye nusu ekari asilazimike kununua mfuko mzima.

Tunaomba kuwasilisha.