Kiti cha kujaribia kiwekwe mlangoni: barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Ukaguzi wa Mitambo ya Burudani

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Pokea salamu zangu. Hii ni barua yangu ya tatu ya kuomba kiti cha kujaribia, ambacho mtu hukikalia mlangoni aone kama chuma cha kumfunga kinamkaa sawasawa kabla hajapanda mtambo, na safari hii naiandika hadharani kwa sababu ile ya pili ilijibiwa kwa mstari mmoja: "Suala lako linafanyiwa kazi." Mwaka wa pili huu.

Jumamosi iliyopita nilipanga foleni ya rola kosta, ile treni ya burudani inayopanda na kuporomoka kwa kasi relini, na binti yangu wa miaka tisa. Mimi ni mama mnene, sifichi. Langoni palikuwa na kibao: "Watu wenye miili mikubwa huenda wasiruhusiwe kupanda." Mikubwa kiasi gani? Kifua? Tumbo? Mapaja? Hakisemi. Tukasimama zaidi ya saa nzima.

Behewa lile lina chuma kimoja cha mapajani kwa watu wawili. Kijana wa mtambo alikishusha, kikagota tumboni mwangu. Nikatazama upande wa mwanangu: kati ya chuma na mapaja yake, ngumi zangu mbili zingepita. Kijana akakikandamiza kwa uzito wake wote, kikalia "ta" mara moja, akainua mkono treni iondoke.

Nilipiga kelele. Tukashushwa, mtoto analia, watu wanacheka. Aibu yangu nimeimeza. Lile pengo halimezeki.

Mheshimiwa, haya unayajua kuliko mimi. Treni ikivuka kilele, mwili hunyanyuka kitini, na kinachomshika abiria ni chuma kilichobana mapaja. Kikiegemea tumbo, tumbo hubonyea, nafasi ikapatikana. Wala si habari ya kilo tu. Watu wawili wa uzito mmoja, mmoja atakaa sawasawa, mwingine mwenye kifua kipana kizuizi cha mabegani kitamgomea. Ndiyo maana kibao hakitoshi, na mzani hautoshi. Lazima mtu akae kitini.

Arlington, Texas, Julai 2013, mwanamke alianguka kutoka kwenye rola kosta akafa. Mtambo ulipofunguliwa tena Septemba, ulikuwa na mikanda, na kiti cha kujaribia kiko mlangoni. Orlando, Machi 2022, mvulana wa miaka 14 alichomoka kwenye mnara wa kuangusha watu. Mwongozo wa mtengenezaji ulikomea kilo 130, naye alizidi mno. Kihisi cha kiti chake, kifaa kinachotambua kama kizuizi kimefunga, kilikuwa kimerekebishwa, kizuizi kikaacha nafasi kubwa, na bado taa ikawaka kwamba amefungwa salama.

Tunangoja na sisi tupate wetu?

Nadhani kiti hakiwekwi kwa kuwa wenye viwanja wanaogopa kutuudhi sisi wanene, au hawataki kupoteza wateja. Kama ni hivyo, tuulizwe wenyewe. Mimi ni heri niambiwe "hapana" mlangoni, mimi na kiti peke yetu, kuliko kuambiwa juu kule, au nisiambiwe kabisa.

Ofisi yako iliahidi kulifanyia kazi suala hili. Naomba kiti kimoja mlangoni, kile kile cha kwenye treni, na chuma chake kile kile, chenye alama ya pale kinapopaswa kufika. Na penye chuma cha watu wawili, mtoto asifungwe pamoja na mtu mzima. Lakini kiti kwanza. Kiti, Mheshimiwa.

Jumamosi hii mtambo ule utafunguliwa tena asubuhi, na kwenye foleni atakuwepo mama mwingine mwenye mwili kama wangu, ameshika mkono wa mtoto. Kiti kiwe pale kabla hajafika.

Wako,
Mama aliyeshushwa