Ekstensheni ikizimwa, msikimbilie kuondoa ulinzi

Mhariri, salamu. Naomba nafasi kidogo maana hili jambo nakutana nalo sana hapa steshenari ninapofanyia kazi na watu wanashauriwa vibaya mno.

Mtu anafungua brauza ya Firefox anakuta ekstensheni yake (programu ndogo ya kuongezea brauza uwezo), labda ile ya kuzuia matangazo au ya kutunza paswedi, imezimwa, kuna onyo kwamba haikuweza kuthibitishwa. Anamuita fundi, fundi anamwambia ingia about:config (ukurasa wa mipangilio ya ndani ya Firefox), tafuta xpinstall.signatures.required (swichi inayodai ekstensheni iwe na saini), weka false, yaani izime, kwisha kazi. Jamani, kwenye Firefox ya kawaida hiyo swichi haina kazi tena tangu toleo la 48 la mwaka 2016! Ikigoma fundi analeta toleo la zamani kwenye flashi, na hapo ndipo naumia kweli, unampa mtu brauza yenye matundu ya usalama ambayo matoleo mapya yaliyaziba miaka mingi iliyopita halafu hiyohiyo ndo anaingilia akaunti yake ya benki.

Saini, yaani alama ya kidijitali ya Mozilla, watengenezaji wa Firefox, kwamba ekstensheni imepita kwao na haijachezewa, haikuwekwa kutusumbua. Mwaka 2015 Mozilla walitangaza watadai saini kwasababu kulikuwa na ekstensheni zinabadilisha ukurasa wa kwanza na sehemu ya kutafutia bila kumuuliza mtu, zingine zinapachika matangazo kwenye kila tovuti unayofungua. Mimi nasema walifanya vizuri kabisa.

Ila sio kila ikizimwa basi ekstensheni ni mbovu. Mei 2019 cheti cha Mozilla wenyewe, kile kinachotumika kuhakiki saini, kiliisha muda na ekstensheni zikazimika dunia nzima, mpaka NoScript (ya kuzuia skripti za tovuti) ndani ya Tor Browser, brauza ya kuficha utambulisho iliyojengwa juu ya Firefox, na kuna watu usalama wao uko humo. Mozilla wakatoa Firefox 66.0.4 kurekebisha. Wengine walirudisha saa ya kompyuta nyuma ili cheti kionekane bado kizima, na ushauri huo mpaka leo unazunguka. Ukirudisha saa, tovuti zenye cheti kipya zinakataa kufunguka, na barua ya maombi ya kazi inayojaza tarehe yenyewe inatoka na tarehe ya zamani, mwenye barua hajui mpaka ameshaipeleka.

Tena Machi 14, 2025 cheti kingine kiliisha, safari hii walitangaza mapema, mwenye toleo la 128 au ESR (toleo la Firefox linalotunzwa kwa muda mrefu) 115.13 kwenda juu hakuguswa. Walioumia ni waliobaki nyuma, na huku kwetu wako wengi maana watu wanazima apdeti kuokoa bando. Kwahiyo kabla hujagusa kitu angalia toleo kwanza, fungua menyu, nenda Msaada halafu Kuhusu Firefox, kama imepitwa na wakati, iapdeti. Kompyuta ya Windows 7 mwisho wake ni ESR 115, weka hiyo.

Na vijana wanaotengeneza ekstensheni za maofisini, zipelekeni Mozilla zisainiwe, ni bure na sio lazima ionekane hadharani. Ile ya kuipakia kwa muda kupitia about:debugging (ukurasa wa Firefox wa watengenezaji) ni ya kujaribia tu, ukifunga brauza inapotea.

Mhariri, ukurasa wenu wa teknolojia unasomwa na mafundi wengi. Naomba mliandike hili kwa kirefu, na picha za hatua zote.

Mfanyakazi wa steshenari,
Morogoro